Mshipa wa Mtoto wa Kike

Mwali hasemi. Hilo ndilo jambo la kwanza Hafidha alilofundishwa alipoingizwa ndani kule kijijini Kinole, milimani, na ndiyo sababu watu walichelewa kugundua kwamba sasa, hata angetaka kusema, asingeweza.

Alikaa juu ya mkeka katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba wake, kichwa kimeinama, kanga imemfunika mpaka usoni, kama inavyompasa mwali. Bi Asia, kungwi wake, alikuwa akimsifu mbele ya wanawake wenzake. Wasichana wa siku hizi, alisema, ukiwaweka ndani likizo moja tu wanaanza kuulizia simu, lakini huyu wala hainui macho. Wanawake wakaitikia. Shakila, mama wa mwali, alisikia raha ambayo mama yeyote angeisikia. Alimsogezea mwanawe sahani ya maini ya kukaanga na kumwambia amalize yote, ili siku ya kutolewa watu wamwone mwali aliyelishwa akashiba, si mwali wa jina tu.

Hafidha alimaliza. Mwali hakatai chakula, na hilo lilikuwa jambo la pili alilofundishwa.

Maini hayo yalitoka kwa baba yake. Pazi alikuwa na bucha Mafiga, mjini Morogoro, na alikuwa mtu mwenye mkono mkunjufu, hasa kwa kitu ambacho hakikosi, yaani nyama. Tangu binti yake aingie ndani alikuwa amekwisha kupanda mlima mara kadhaa kwa bodaboda, mfuko wa nyama mapajani. Alikuwa na sababu yake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba, hata awe na bucha kila mtaa, kwenye shughuli ya mwali ni mtu wa kuleta kitoweo. Basi Pazi alikileta hicho kitoweo kwa nguvu zake zote, ili shemeji yake Yunusi, huyo mjomba mwenyewe, ambaye hakuwahi kumsifu kwa lolote, akose pa kumsemea.

Mchana huo walikuwa barazani wote wawili, mfuko mpya wa mbavu na maini uko miguuni pa Pazi, waliposikia vicheko kutoka chumba cha nyuma. Mwali alikuwa amecheka peke yake, halafu akamwita mama yake kwa jina, "Shakila," kama anayemwita shoga yake kisimani. Wanawake waliona ni mzaha wa mtu aliyechoka kukaa ndani. Kisha vicheko vikakatika. Bi Asia alitoka, uso umembadilika, akasema mtoto amejikojolea na wala hana habari, na akinyooshwa mikono viganja vinaanguka na kunyanyuka vyenyewe kama vya mtu anayeaga. Na mdomo wake, aliongeza kwa sauti ya chini, unanuka kitu kitamu kilichovunda.

Yunusi aliuliza nani ameingiza pombe kwenye nyumba ya mwali. Bi Asia akaapa kuwa mtoto hajapewa hata togwa. Mwanamke mmoja akasema ni shetani wa mlimani, mwingine akasema ni usingizi wa shibe.  Pazi aliijua ile mikono. Aliwahi kuiona ikipepea hivyo hivyo miaka miwili nyuma, akaambiwa na sababu yake, na sababu hiyo aliimeza isije ikamtoka mbele ya mtu.

"Apelekwe hospitali," alisema.

Yunusi alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba mwali hatolewi nje kabla ya siku yake, na kwamba wa kuamua hilo ni ukoo, si mleta nyama. Lakini Shakila alikwisha kutoka na mtoto, amemkumbatia pamoja na kanga zake zote, na kichwa cha Hafidha kilikuwa kinalegea begani kwake. Yunusi alipokiona kile kichwa aliacha maneno, akaenda mwenyewe kutafuta gari.

* * *

Hospitalini mjini waliulizwa maswali yale ambayo watu wa milimani huulizwa. Muuguzi wa mapokezi aliziona kanga za mwali, akaona na mafuta aliyopakwa, akauliza mmemnywesha nini huyu. Shakila alisema hawakumnywesha kitu. Muuguzi akasema mnasemaga hivyo hivyo wote, halafu mtoto akishafariki ndiyo mnataja mizizi. Alilisema hilo mbele ya foleni nzima, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto anayekohoa akasogea kidogo kwenye benchi, kama vile ushamba unaambukiza. Shakila alikuwa amevaa gauni lake la shughuli. Alivuta kanga akalifunika.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Faraja, mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Alimpima Hafidha, akamwinua kope, akamwita kwa jina bila kujibiwa. Kisha akawageukia wazazi. Alitaka kujua kama mtoto amewahi kuugua hivi, kama ana kifafa, kama amewahi kulazwa.

"Amewahi kupimwa tumbo? Altrasaundi, au kipimo chochote cha ndani?"

Shakila alisema hapana, kwa sababu ndivyo alivyojua. Daktari akamtazama Pazi, kwa maana baba alikuwa amefungua mdomo.

Nyuma yake alisimama Yunusi, mikono mgongoni. Pembeni alisimama Shakila. Pazi aliuona ukweli umefika kwenye ncha ya ulimi, akaona na namna utakavyopokelewa, akaurudisha.

"Hapana, daktari," alisema. "Hajawahi."

* * *

Alikuwa amewahi. Ilikuwa baada ya Idi ya kuchinja, wakati Shakila amekwenda msibani Kinole. Nyumba ilikuwa na nyama ya kutosha mtaa mzima, na Hafidha, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alikula kama watoto wengine wanavyokula Idi. Shule zilipofunguliwa mwalimu alimpigia Pazi simu: binti anasinzia darasani, anajibu mambo yasiyoulizwa, anashindwa kushika kalamu. Pazi alimpeleka kwenye kituo kimoja cha binafsi cha vipimo pale mjini. Kijana wa pale alimpaka mtoto mafuta ya baridi tumboni, akapitisha mashine, akarudia, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee, mtoto wako ana tatizo la mshipa. Uko tumboni, na amezaliwa nao."

Hapo ndipo masikio ya Pazi yalipoziba. Mjini Morogoro ukisema fulani ana mshipa, hakuna anayefikiria damu. Kila mtu anafikiria ile dawa inayotangazwa sokoni kwa kipaza sauti, ya ngiri, busha na mshipa, ambayo wanaume huinunua kwa kujificha na kuificha mfukoni. Mshipa ni ugonjwa wa wanaume. Unashuka kutoka tumboni hadi mahali ambapo mtoto wa kike hana. Kama binti ana mshipa, basi watu watauliza ni binti wa namna gani, na watakaouliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni makungwi siku ya kumweka ndani. Kijana aliendelea kueleza, kwa bidii hata, na Pazi akawa anatikisa kichwa bila kuyashika maneno. Alishika vipande tu: apelekwe hospitali kubwa, asile nyama nyingi. Hakuuliza mshipa gani. Swali hilo moja lingemtosha, maana mtu anayepasua ng'ombe kila siku angeelewa jibu, lakini aibu haikumpa nafasi ya kuliuliza.

Kesho yake alimpeleka Hafidha Mikese, kwa mzee anayeuza mizizi ya mshipa. Wakiwa njiani kurudi alimwambia, "Hili neno lisifike nyumbani. Hata kwa mama yako." Hafidha akasema sawa, baba.

Na kweli halikufika. Kilichobadilika ni kwamba mtoto aliacha kupenda nyama. Mtaani Mafiga ikawa utani: mtoto wa bucha hali nyama, labda anaona baba yake anavyoipima. Shakila aligombana naye mezani mara kwa mara, akimwita mwenye maringo, na Pazi alicheka pamoja na waliocheka. Mwaka ukapita bila mikono kupepea, ukapita na mwingine. Pazi hakujiuliza kama mtoto anapona kwa mizizi au kwa kuacha nyama. Aliamini mizizi, kwa kuwa ndiyo aliyoitafuta yeye, na ilipofika zamu ya binti yake kuwa mwali alikuwa amekwisha kulizika lile neno. Alichinja kwa moyo mweupe.

* * *

Kwa kuwa hajawahi kupimwa, madaktari walianza na wanayoyajua. Walitafuta malaria ya kichwa, hawakuiona. Walitafuta sumu. Kisha wakasema huenda ni homa ya uti wa mgongo, na ili kuhakikisha itabidi achomwe sindano mgongoni, atolewe maji. Shakila hakuweza kukaa mle ndani. Pazi ndiye aliyeambiwa amshike.

Alimshika. Alimkunja mtoto wake magoti yakagusa kidevu, kama alivyoelekezwa, akambana huku sindano ikitafuta njia kati ya mifupa. Hafidha hakuwa na fahamu za kusema, lakini za kusikia maumivu alikuwa nazo. Alitoa sauti nyembamba, ndefu, isiyo na neno ndani yake. Pazi alikuwa na uwezo wa kuizuia ile sindano kwa sentensi moja. Alijua hivyo wakati ule ule, si baadaye. Alijiambia akisema sasa watamwuliza kwa nini hakusema mwanzo, na kila dakika aliyongoja ililifanya jibu lizidi kuwa baya, basi akaendelea kungoja. Daktari msaidizi alimpa pole, akamwambia yeye ni baba jasiri, wengi huzimia.

Maji ya mgongo yalitoka safi. Kilichokuwa na kasoro ni majibu ya damu, ambayo daktari Faraja aliyasoma mara mbili, akasema ini la mtoto linalalamika na anataka kuliona kwa macho yake. Akamvuta Hafidha na kitanda chake mpaka chumba cha altrasaundi. Shakila alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye benchi, kwa hiyo aliyeingia ni Pazi tena.

Chumba kilikuwa na giza kidogo. Daktari alipaka mafuta, akatembeza kile kichwa cha mashine chini ya mbavu za Hafidha, na kwenye kioo kukawa na ukungu wa kijivu. Alipobonyeza kitu, damu ikaonekana kwa rangi, nyekundu na buluu, inakwenda. Alirudi nyuma, akafuata mstari mmoja kutoka chini hadi juu, akasimama, akaufuata upya. Pazi aliukumbuka ukimya ule.

"Njoo uone, baba," alisema mwishowe, na hakuwa na haraka. "Chakula kikishasagwa, damu inakibeba kutoka kwenye utumbo, na inabeba na taka zake. Mshipa huu ndio unaoikusanya. Ungetakiwa uingie kwenye ini, damu ichujwe, ndipo irudi moyoni. Wa kwake unafika hapa, halafu tazama unapokwenda."

Mstari wa buluu ulilikaribia ini, ukatuma uzi mwembamba ndani, na wenyewe mzima ukapinda pembeni ukajimwaga kwenye mshipa mkubwa wa mgongoni.

"Ni kama malori yanayoikwepa mizani ya magari pale Mikese," daktari alisema. "Yanapita njia ya panya na mzigo wote. Mzigo wenyewe ni taka za chakula, hasa za nyama, na unapanda mpaka kichwani. Ndiyo huu usingizi, ndiyo na mikono kupepea. Amezaliwa hivi. Mtu yeyote angeweka mashine hapa angeona."

Pazi aliutazama ule mshipa. Alikuwa anaujua. Kila asubuhi anapolitoa ini la ng'ombe anaukata pale pale unapoingilia, mnene kama kidole, na kuutupia paka. Miaka miwili alikuwa ameogopa ugonjwa wa wanaume, na kumbe kijana yule alikuwa anamwonyesha kitu alichokishika kwa mikono yake kila siku.

"Mshipa wa damu," alisema.

"Ndiyo. Ulidhani mshipa gani?"

 Daktari alifuta mafuta tumboni mwa mtoto, akauliza ni nani anayemlisha, maana lazima wiki hizi amekula nyama nyingi sana. Na Pazi, aliyebeba ile mifuko mapajani kutoka Mafiga hadi Kinole, alisikia mdomo wake ukisema:

"Mama yake ndiye anayempa."

* * *

Dawa aliyopewa Hafidha ilikuwa ya maji, tamu mno, ya kumharisha ili taka zitoke kwa njia nyingine. Akanyimwa nyama, mayai na maharage, akawa wa kunyweshwa uji kwa mrija, baadaye ndizi za kupondwa. Alianza kurudi kidogo kidogo. Kwanza alifumbua macho, kisha akamtambua mama yake na kumwita mama.

Shakila hakuipata furaha yake yote. Daktari alikuwa amemweka chini na kumweleza, kwa upole kama alivyomweleza baba, kwamba asimpe tena nyama, na kwamba kujua wasingeweza kujua. Shakila alishika sehemu ya kwanza tu. Alikumbuka sahani zote alizozisukuma mbele ya mwanawe. Alikumbuka alivyomfinya paja chini ya meza huko nyuma, akimwambia ale aache maringo.

"Mwili wake ulikuwa unakataa, mimi namlazimisha," alimwambia mumewe kwenye ngazi za wodi. "Mtoto alikuwa anajisemea mwenyewe, baba Hafidha. Mama gani asiyemsikia mwanawe?"

Pazi alimwambia asijilaumu, ni mipango ya Mungu. Akaona aibu kumsingizia na Mungu.

Jioni moja Bi Asia aliteremka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa amesikia mgonjwa anakula ndizi. Yunusi alimkuta mlangoni pa wodi, na hakumpa hata nafasi ya kuutua. Alimwambia wamemkabidhi mtoto mzima na yeye amewarudishia maiti inayopumua, kwamba mwali alikuwa mikononi mwake usiku na mchana, kwamba ukoo utakaa na atajieleza, na kwamba hakuna tena atakayempa mwali wake katika vitongoji vile. Bi Asia, mwanamke aliyewaweka ndani mama na mabinti wa nusu ya kijiji, alisimama na mkungu kichwani akisikiliza, shingo ikimtetemeka kwa uzito. Alijaribu kusema aliwauliza wazazi mwanzoni kama mwali ana ugonjwa wowote, wakasema hana.

"Na bado unatia mguu hapa," Yunusi alisema. "Huna hata mshipa wa aibu."

Pazi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ameshika chupa ya chai. Ni kweli Bi Asia aliuliza, na ni Pazi aliyejibu, mtoto yuko salama kabisa, mshukuru Mungu. Bi Asia aligeuza macho kumtafuta, labda athibitishe. Pazi alishughulika na kifuniko cha chupa. Alipoinua kichwa, mkungu ulikuwa sakafuni na Bi Asia amekwisha kuondoka, na wauguzi wanauliza ndizi hizi ni za nani zinazoziba njia.

Alizibeba yeye hadi ndani. Hafidha alimwona, akatabasamu, akasema, "Pole baba, nzito." Tangu siku ile mtoto alipochomwa sindano mgongoni, Pazi hakuwahi kusikia kitu kilichomuuma kama ile pole.

* * *

Daktari Faraja alikuja na habari asubuhi Hafidha alipoweza kukaa mwenyewe. Wote walikuwepo: Shakila kwenye ukingo wa kitanda na beseni la maji ya kuogea, Yunusi dirishani, Pazi miguuni pa kitanda. Daktari alisema amezungumza na wenzake wa Dar. Ile njia ya panya inaweza kufungwa kwa upasuaji, damu ikalazimishwa kupita kwenye ini. Ila kuna jambo. Ini la Hafidha ni dogo, na ukilifungulia damu yote ghafla linaweza kushindwa. Kama lilikuwa dogo hivyo hivyo tangu zamani, basi limezoea, watafunga taratibu kwa awamu. Kama lilikuwa la kawaida na limesinyaa hivi karibuni, haraka inahitajika na njia ni tofauti. Wa Dar hilo ndilo walilouliza kwanza: hakuna kipimo cha nyuma cha kulinganisha?

"Nimewaambia wazazi wamesema hakuna," daktari alisema. "Lakini nataka nimwulize mwenyewe, maana watoto wanakumbuka." Akainama kidogo. "Hafidha, kabla ya safari hii, umewahi kulazwa ukapakwa mafuta ya baridi tumboni, ukapitishiwa mashine kama ile?"

Hafidha alimtazama daktari. Kisha akamtazama baba yake. Ilikuwa mara moja tu, haraka, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Hapana," alisema. "Sijawahi."

Alilisema vizuri, bila kupepesa macho. Alikuwa amelifanyia mazoezi miaka miwili. Daktari akashukuru, akanyanyuka, na Pazi akaona kwamba mtoto aliyelala kitandani, mwenye kovu la sindano mgongoni, ambaye madaktari wa Dar watampasua kwa kubahatisha, alikuwa anamlinda yeye.

"Amewahi," alisema.

Sauti yake ilitoka kavu, akalazimika kurudia. Alisema alimpeleka yeye, Shakila akiwa msibani. Alikitaja kituo na mtaa kilipo. Alisema kijana wa vipimo aliuona mshipa na akasema waende hospitali kubwa, na akasema asile nyama nyingi. Alisema alidhani ni mshipa ule mwingine, wa wanaume, na alipofika hapo aliona Yunusi anageuza uso dirishani, akaendelea tu. Alisema Bi Asia aliuliza na yeye ndiye aliyesema hana ugonjwa. Alisema alikuwa anajua alipoulizwa siku ya kwanza, na alikuwa anajua alipomshika kwa ajili ya sindano. Hakumtazama mkewe. Alizungumza na blanketi.

Daktari Faraja hakumgombeza. Aliuliza kama kituo kile bado kipo, akasema huenda wamehifadhi picha kwenye mashine yao, atawapigia sasa hivi. Alifika mlangoni, akarudi. Kitu kilikuwa kinamsumbua, na hakikuwa cha hospitali.

"Hafidha, na wewe ulikuwepo siku hiyo. Ulisikia habari ya nyama?"

"Nilisikia."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua inakudhuru."

"Nilikuwa najua. Ndiyo maana nyumbani nilikuwa nakataa."

"Sasa ulipowekwa ndani, ukaikubali kwa sababu mwali hakatai?"

Hafidha alifikiri. Alitaka kujibu vizuri, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Siyo hivyo," alisema. "Waliokuwa wanajua ni mimi na baba tu. Kule Kinole nilisikia wanasema nyama baba analeta mwenyewe. Nikajua nimeshapona."

Daktari akatoka kwenda kupiga ile simu. Yunusi alikohoa, akatoka nje bila kumuaga mtu. Shakila alichovya kitambaa kwenye beseni, akakikamua taratibu mpaka hakikutoa tone, kisha akamwambia mumewe apishe, anataka kumwogesha mwanawe.

Pazi alipisha.